Mahindi Mazuri Tulipeleka Kanisani

Mvua ilipotukumbuka baada ya misimu miwili ya kiangazi, haikujua kuacha. Iliyakuza mahindi vizuri, halafu ikarudi tena wakati sisi tunangoja jua la kuyakausha. Na watu walikuwa na njaa. Kila asubuhi ulisikia ati shamba la fulani limevunwa na mtu asiye mwenyewe.

Sisi tulikaa kwenye mteremko juu ya Makindu: mama, mdogo wangu wa kike, na mimi. Baba alikuwa kazini Mombasa, anarudi Krismasi. Ndiyo maana mimi nikasema, "Mwaitu, tuvune sasa tu, tuyaweke ndani." Mwaitu ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. Akasita, akatazama ghala letu la nje lililosimama juu ya miguu yake ya miti, akasema haya. Tukavuna mahindi yangali na unyevu, tukayarundika chumbani nilipolala na mdogo wangu, mpaka yakafika kimo cha kitanda.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, darasa la saba nimemaliza na hapo ndipo shule ilipoishia. Lakini ndoto hazikuniishia. Nililala kando ya yale mahindi nikijiona na cherehani ya kukanyaga, nashonea kwaya nzima sare za bluu. Nikiingiza mkono ndani ya rundo nasikia joto, kama tumbo la kuku anayeatamia. Nikafikiri hiyo ndiyo baraka yenyewe. Nani angeniambia kwamba mahindi mabichi hupata joto kwa sababu yanaanza kuoza?

Jumapili ya shukrani ilipokaribia, Mwaitu alikaa chini kuchagua. Kila hindi aliligeuza mkononi. Lililo safi akalitupa upande wa kanisa. Lenye vumbi la kijani kati ya punje, upande wetu.

"Mwaitu, hata hili moja zuri hatubaki nalo?" nikamuuliza.

"Mungu hapewi mabaki. Haya yetu yataoshwa."

Tukapeleka gunia zima, yeye akilibeba mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso, mimi nyuma naimba. Pasta alisema gunia hilo litaenda kwa wajane na watoto wa shule ya Jumapili. Nilirudi nyumbani nimejaa, kama mimi ndiye nimelishwa.

Yetu tuliyaosha, tukayaanika, tukayatwanga kwenye kinu kutengeneza muthokoi. Ukishatwanga, maganda yanatoka na punje zinabaki nyeupe, ndizo unapika na maharagwe. Mdogo wangu alionja akakunja uso. "Mwaitu, leo umetupikia mwarobaini?" Tukacheka mpaka machozi. Mwaitu alitupakulia zile punje nyeupe. Yeye, kwa vile njaa ilikuwa imemfundisha kutotupa kitu, alichukua yale makapi akayasaga, akajipikia uji. Yaliyobaki akampa mbwa.

Mbwa alikufa kwanza. Tulimkuta asubuhi amejinyoosha mlangoni, ulimi nje. Jirani akasema ametegewa sumu. Mwingine akasema si sumu ya dukani hiyo. Nilianza kuogopa siku hiyo, na sikujua ninaogopa nini.

Wiki haikuisha, Mwaitu akaanza kutapika. Tumbo likavimba. Asubuhi moja alitoka nje kwenye mwanga nikaona macho yake: manjano, manjano kabisa, kama yai lililopasuliwa. Nilijifanya kutafuta kuni ili asione uso wangu. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Baba mbali, na mimi ndiye mkubwa.

Nikatuma habari kwa mjomba, kaka yake Mwaitu, aliyeishi mbali, kijiji cha Nuu. Alifika siku ya tatu na vumbi mpaka kwenye kope. Hakukaa.

"Dada, hii si ya kuombewa. Hii imetumwa."

"Imetumwa na nani? Mimi nina nini cha kuonewa wivu?"

"Una mahindi."

Mwaitu alicheka, kicheko kikamgeuka kuwa kikohozi. Mjomba akasema kuna mganga anayemjua, anataka mbuzi mmoja wa rangi moja, na aitwe kabla mambo hayajaharibika. Mwaitu akasema, "Kaka, nimeokoka. Siwezi kumshukuru mmoja kanisani na kumlilia mwingine hapa nyumbani."

"Basi kufa ukiwa umeokoka!" Mjomba alisema hivyo kisha akageuka, akapangusa macho kwa mkono wa shati. Alimpenda sana dada yake.

Nitasema ukweli. Mimi ndiye niliyeenda kufungua kamba ya mbuzi. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, nimebatizwa mtoni nikiwa na akili zangu, lakini kamba ile niliifungua. Nilikuwa naivuta kupita mlangoni Mwaitu akaniita. Nilidhani atanigombeza. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwana wakwa, mwanangu, nilimkosea Mungu wapi?"

Swali hilo liliniogopesha kuliko macho yake. Maana nilikuwa nimeegemea imani yake, si yangu. Kama na yeye alikuwa hajui, mimi ningesimama wapi? Niliachilia kamba. Mbuzi akarudi mwenyewe kula nyasi.

Mchana huohuo wanawake wa kanisa walikuja kuomba. Wakajaa chumbani, wengine wakaketi juu ya mahindi yetu. Katikati ya wimbo, mmoja wao, mzee wa kanisa aliyewahi kufagia katika zahanati, akachukua hindi alilokalia, akalinusa. Akaingiza mkono kwenye rundo mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa unga wa kijani.

"Hili ndilo mnakula?"

"Ndiyo, mama," nikajibu, na Mungu anisamehe, nilijibu kwa fahari. "Mazuri tulipeleka kanisani."

Wimbo ukafa. Yule mama akawatazama wenzake, kisha akasimama. "Amina tutasemea njiani. Leteni kitanda."

Walimbeba Mwaitu juu ya kitanda chake cha kamba mpaka barabara ya Mombasa, wakipokezana mabega, na mjomba akishika mguu mmoja wa mbele. Mfanyabiashara mwenye pikapu ya vitunguu akatupeleka hospitali. Daktari aliuliza maswali mengi, mwisho akauliza amekula nini. Nilipotaja uji wa makapi akaweka kalamu chini. Sumu ya ukungu, alisema, hukaa zaidi kwenye maganda. Ini limeumia. Hakuna sindano ya kuiondoa. Tutamsaidia, tutangoja.

Kungoja huko! Kwenye kitanda cha pili alilazwa mwanamke wa rika la Mwaitu, macho yaleyale. Saa sita mchana walimfunika uso. Nilishika kidole cha mguu cha Mwaitu chini ya blanketi na sikukiachilia, kama vile angetorokea hapo. Maombi yangu yote mazuri ya kanisani yalipotea. Nilikuwa nasema tu, Baba, usimchukue, Baba, usimchukue, mpaka maneno yakakosa maana.

Siku iliyofuata nilishindwa kunyamaza. "Mwaitu, kama tungebaki na yale mazuri..."

Akageuza uso kwangu. "Ya kanisani waliyala?"

"Waliyala."

"Kuna mtoto ameugua?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akafumba macho.

Nilitaka aendelee. Nilitaka anipe mstari wa Biblia, kitu cha kushika. Nilipewa "basi" peke yake.

Alikaa huko karibu mwezi. Manjano yalitoka polepole. Siku tuliyomrudisha alikuwa mwepesi kiasi kwamba mjomba alimbeba kama mtoto kutoka barabarani.

Daktari alikuwa ameagiza mahindi yote yazikwe. Majirani wakaja kwa mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, wakachimba shimo nyuma ya ghala. Sijawahi kuona watu wakilia hivyo juu ya chakula. Rundo lote lile, baada ya misimu miwili ya njaa, likaingia ardhini. Mdogo wangu akamshika Mwaitu nguo. "Sasa tutakula nini?"

Pasta alikuwapo, lakini Mwaitu, akiwa ameketi kwenye kigoda na blanketi mabegani juani, ndiye aliyeomba. Alishukuru. Kisha akaomba chakula cha kesho, cha kesho tu.

Nilimtazama midomo inavyosogea, ngozi bado na rangi ya majani makavu, na niliogopa mpaka mifupani: kumwogopea yeye, kuogopa kesho, kumwogopa hata Mungu mwenyewe. Watu walisema amina. Mimi nilichelewa. Wengine walikuwa wameshashika majembe kufukia nilipoisema peke yangu, na Mwaitu akageuka kuangalia ni nani.