Nilimwambia Mama Hukumu ya Shamba Letu Haina Nguvu, Sasa Anaamini Nimemuuza

Admin, nifichie jina na kijiji pia, maana baba yangu mdogo anafuatilia ukurasa huu na sitaki ajue nimelia kiasi gani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, sijaolewa, naishi Shinyanga mjini. Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya msaada wa kisheria. Si wakili, ni msaidizi tu: napokea watu, nasikiliza shida zao, nawatafutia sheria inasemaje. Nina mdomo, nakubali, lakini kwenye hili mdomo haujanisaidia.

Mama ni mjane, anaishi kijijini upande wa Geita, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba. Baba amezikwa pale, na pacha wangu aliyefariki tukiwa wadogo amezikwa pembeni yake. Miaka yote hakuna aliyelitaka lile shamba, mpaka wachimbaji wadogo walipofukua duara, yaani shimo la machimbo, kijiji cha jirani wakapata dhahabu. Ghafla baba mdogo akakumbuka kwamba ardhi ni ya ukoo na mwanamke ni wa kupita tu. Mama akampeleka baraza la kata, akashinda. Wazee wa baraza wakatoa hukumu, ikagongwa muhuri, mama akachinja jogoo, akatoa shukrani kanisani, kisha akaja Shinyanga na gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kuniletea nakala. Sijawahi kumwona akicheka namna ile tangu tumzike baba.

Mwaka huu ofisi ikatupeleka kwenye mafunzo ya kutafuta taarifa za serikali na za kisheria. Huko ndiko nilikogundua kwamba siku zote tulikuwa tunababaisha. Tulizoea kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, mtu anarusha nakala ya sheria, hata kama ni ya zamani tunaishika hiyo hiyo. Mwezeshaji wetu, mama mmoja mtu mzima na mpole, akatufundisha kwamba ukiipata sheria bado hujamaliza kazi. Uangalie kama imebadilishwa, ulifungue Gazeti la Serikali, halafu utafute hukumu za Mahakama Kuu uone majaji wameitumiaje. Nililipenda lile somo jamani. Akasema kila mmoja alete suala la nyumbani kwao tulifanyie mazoezi. Mimi na mbwembwe zangu nikapeleka hukumu ya mama. Nilitaka waone mwanamke wa kijijini alivyoshinda.

Yule mwezeshaji akaisoma taratibu, akaniuliza kesi ilisikilizwa lini. Nikamwambia. Akanisogezea kompyuta, akasema nitafute mwenyewe. Nikatafuta. Kumbe sheria ilishabadilishwa kabla ya kesi ya mama: baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, halina tena mamlaka ya kuamua ardhi ni ya nani. Nikafungua hukumu za majaji, nikakuta maamuzi kama ya mama yamefutwa. Nikaomba ruhusa kutoka nje. Nilijifungia chooni nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilijua siku baba mdogo akipata mtu wa kumwambia, mama atashtukizwa. Nikaona bora tuwahi sisi, tukafungue shauri upya kwenye baraza la ardhi la wilaya, maana haki yake ipo na mashahidi bado wako hai. Nikasafiri. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukala vizuri, ndipo nikamweleza polepole kwa Kisukuma ili kila neno alielewe. Nilipomaliza akaniuliza, "Baba yako mdogo amekupa nini?"

Nikadhani anatania. Nikaapa, nikampigia magoti. Akasema, "Wale wazee wananijua tangu naolewa. Wewe hayo yako umeyatoa kwenye kompyuta. Nilikusomesha kwa pamba ya shamba hili, leo kusoma kwako ndiko kunakonitoa." Asubuhi nikakuta begi langu liko nje ya mlango. Nilirudi Shinyanga nimejifunika mtandio usoni njia nzima.

Kilichonimaliza ni kilichofuata. Kwa uchungu wake mama akaenda kuwalilia wenzake wa jumuiya ya kanisani kwamba mwanae amenunuliwa, eti anasema hukumu yake haifai. Maneno yakatembea yakamfikia baba mdogo, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajui lolote. Akatafuta wakili, na sasa ameshafungua shauri wilayani. Akanipigia simu, sauti ya upole kabisa: "Asante mwanangu, umetufungua macho." Na akahakikisha kijiji kizima kinajua kwamba amenishukuru. Hapo mama akapata ushahidi wake.

Sasa mama ameitwa wilayani na hataki kwenda. Anasema yeye alishashinda, hana kesi na mtu. Asipotokea watasikiliza upande mmoja, na mimi najua upande huo utasema nini. Majibu yake ya maandishi nimeshayaandaa, mwanasheria wetu ameyapitia, kilichobaki ni dole gumba lake tu. Nimemtuma katekista, mama akamwambia wazungumze mambo ya Mungu tu. Shangazi naye mama alimrudisha akiwa njiani. Michembe ya mwaka huu haijaja. Nikipiga simu hapokei, jirani ananiambia ikiita anaitazama tu mpaka inyamaze.

Msinitukane, najua wapo watakaosema ningefunga mdomo. Siku ya shauri imekaribia ndugu zangu. Niende nikapige hodi hata kama atanifukuza mbele ya watu, au nimwache apoteze kaburi la mumewe na la pacha wangu, huku akiamini kwamba mimi ndiye niliyeyauza? Nambieni, kwa mama asiyeniamini tena nianze na neno gani?