Mzee Aliyetaka Kupimwa Moyo

Sina sababu ya kukudanganya. Ninaishi kwa kugusa wanyama, na jambo hili lilinipata mkononi, kwa hiyo kila nikienda kazini nalikumbuka. Anayetaka kucheka acheke, lakini asikilize kwanza.

Nilikuwa nimeanza chuo cha mifugo Sumbawanga, wiki za mwanzo kabisa. Nilitoka nyumbani Ilemba na begi moja na sungura mmoja mweupe, jina lake Pamba. Kwenye gari walinicheka. Ningefanyaje? Wadogo zangu walishaanza kumtazama kwa jicho la mchuzi. Tena Pamba ndiye aliyenipeleka chuo. Mbwa walimrarua mgongo akiwa mdogo, nikamuuguza mwenyewe mpaka manyoya yakaota tena, na tangu hapo sikutaka kazi nyingine ila udaktari wa mifugo.

Nilipanga chumba kwa Mama Salma, mwenye duka pembezoni mwa mji. Alimpa Pamba boksi la sabuni nyuma ya stoo, akanionya kwamba akitafuna gunia la mchele wake, tutahama wote wawili. Chuoni walikuwa wametufundisha kupima moyo wa mnyama kwa kiganja: unapitisha mkono nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, upande wa kushoto, unatulia. Kila jioni nilijizoeza kwa Pamba. Moyo wa sungura unakimbia mno, lakini alikuwa anafumba macho na kuniachia. Nilijiona daktari tayari.

Jioni moja mvua ilipokatika nilitoka kwenda kumkatia Pamba majani ya mchunga kwenye mashamba nyuma ya mikaratusi. Mwanga ulikuwepo bado, ila ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa Ufipa unaoingia mpaka ndani ya sweta. Nilikuwa na ovaroli ya chuo na buti za mpira. Kati ya matuta nikamwona mzee amechuchumaa, amevaa koti zito, pembeni yake amelala ng'ombe mwekundu.

Nikapiga goti, nikapiga makofi polepole kama tunavyowasalimu wazee wetu. "Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Niambie, umewahi kumwona mzee wa huku kwetu akaipuuza shikamoo ya mtoto aliyempigia goti? Nilidhani anamuwazia ng'ombe wake.

"Daktari," akasema, "mtazame huyu. Tangu ile mvua hataki kuinuka."

"Babu, mimi ni mwanafunzi tu."

"Mtazame hivyo hivyo."

Ng'ombe alikuwa anacheua. Namwona kwa macho yangu, taya linakwenda na kurudi. Nikapitisha mkono nyuma ya kiwiko, nikatulia. Hakuna kitu. Nikasogeza, nikabonyeza. Hakuna, na ngozi ilikuwa ya baridi kama ukuta. Jicho lake likanigeukia, huku bado anacheua. Amini usiamini, hofu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba sijui kupima, na kwamba kazi niliyoitamani siiwezi.

Mwalimu wetu alikuwa ametuambia mwenye mnyama hafichwi ukweli. "Babu," nikasema, "moyo wake haupigi."

Mzee akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Basi nishike na mimi hapa," akasema. "Nyumbani naongea, hawanijibu. Nikikaa jikoni, wananipita. Niambie ukweli, mwanangu."

Akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka kifuani. Shati lilikuwa limeungua, na ndani yake palikuwa kimya. Miguu ilitaka kukimbia. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri majibu hospitalini, na nilimwonea huruma kuliko nilivyomwogopa.

"Haupigi, babu. Umekufa."

"Asante," akasema. "Hakuna aliyeniambia."

Akafunga koti lake, akamgusa ng'ombe shingoni, ng'ombe akainuka. Wakaingia kwenye ukungu wote wawili, na sikusikia mguu hata mmoja ukikanyaga tope.

Sijui nilifikaje dukani. Mama Salma aliposikia habari za koti na ng'ombe mwekundu, aliweka chini kopo la kupimia mchele.

"Huyo alipigwa na radi shambani kwake, yeye na ng'ombe wake, kabla hujaja," akasema. "Watu wakasema ni radi ya kutumwa. Wakamzika haraka haraka, wakatawanyika. Hata mkewe alikatazwa kulia, eti radi itarudi."

Kesho yake akanipeleka kwa mjane. Nilimwambia tu kwamba mzee sasa anajua. Hakuuliza anajua nini. Alikaa chini pale mlangoni akalia kilio alichokuwa amekizuia muda wote ule, na majirani wakaja, safari hii wakakaa naye.

Mimi nikarudi kwa Pamba. Nilipomnyooshea mkono akapiga mguu chini, kama sungura wanavyofanya wakiona hatari, akajibana pembeni ya boksi akitetemeka. Nikampa wa kushoto, akaja. Mpaka alipokufa kwa uzee hakuukubali tena ule wa kulia, na nililia kwa hilo, sikufichi. Chuo nilimaliza, lakini nililazimika kujifunza kila kitu upya kwa mkono wa kushoto, kwa sababu hakuna ng'ombe, mbuzi wala mbwa anayeuvumilia huu mwingine. Wenye mifugo hudhani nilizaliwa hivyo, nami siwasahihishi. Huu wa kulia hauingii joto mpaka leo, hata niuweke juu ya jiko la mkaa.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Ukifiwa, mlilie mtu wako, awe amekufa kwa radi au kwa maradhi ya aibu, watu waseme watakavyo. Mwambie wazi kwamba amekufa. Usipomwambia wewe, atatoka kwenda kumuuliza mtu mwingine, na huyo atamjibu kwa huruma, bila kujua anachokishika.