Wifi Yangu na Sentensi za Kweli Tupu

Wifi yangu ni dobi wa hoteli, na kama hujawahi kubishana na dobi, shukuru Mungu. Mtu aliyepambana na madoa miaka kumi na sita hawezi kushindwa na maneno yako. Anashika kiuno, anakutazama kola mara moja tu, halafu anakwambia ulikula nini juzi.

Ameolewa na kaka yangu, na sote tunakaa nyumba moja, jiko moja. Kazini kwake amewafundisha wasimamizi watatu wa chumba cha kufulia, na wote watatu walikuwa mabosi wake! Mara mbili yeye mwenyewe ameomba huo usimamizi, na mara mbili usaili wa Kiingereza umemkwamisha. Safari hii meneja alishasema wazi kwamba asipopita wanaleta mtu wa nje, na nafasi haitatangazwa tena. Siku aliyoniambia hivyo alikuwa anamenya viazi, akawa anakwangua kiazi ambacho hakina tena ganda. Roho iliniuma.

"Wifi, niachie mimi," nikamwambia.

Mimi niko duka la steshenari, nachapa barua za watu na kuwajazia fomu, kwa hiyo Kiingereza changu kinatosha kujidai nacho. Nilijua maswali ya usaili karibu yote huanza na "Are you able to", yaani je, unaweza.

"Neno ni moja tu, able," nikamwambia. "Unasema 'I am able to', unaweka kitendo mbele yake, umemaliza. Haya, sema: I am able to drive."

"Maana yake?"

"Naweza kuendesha gari."

"Siwezi."

"Ni mfano, wifi!"

"Mfano wa uongo. Lete mwingine."

Nikampa kuogelea, akakataa. Nikampa kupiga piano, akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Jamani, nilipandwa na hasira! Nikamwambia basi aseme anachokiweza mwenyewe, tuone kama kitajaza hata mstari. Akaendelea na viazi vyake.

Kesho yake akarudi na vitambaa vya namba, vile vipande vidogo vyeupe ambavyo madobi hubana kwa pini kwenye nguo za mgeni zisichanganyike na za mwenzake. Kila anachokiweza kweli alikiandika juu ya kitambaa kwa ule wino wao usiofutika, mimi nikawa nasahihisha. I am able to fold a big sheet alone. Nikambishia kwamba hakuna binadamu anayekunja shuka la kitanda kikubwa peke yake. Akanikunjia pale pale sebuleni, ncha nne zikakutana, na sakafu halikugusa. I am able to remove tea, blood and lipstick. Madoa ya chai, damu na lipstiki, yote anayatoa; kwenye lipstiki alimtupia kaka jicho, na kaka akaanza kutafuta rimoti aliyokuwa ameishika. Kila sentensi iliyothibitishwa aliibana upande wa ndani wa aproni yake ya kazi. Neno lenyewe lilimkaa mdomoni mpaka likawa kero. Ukimwomba chumvi, anakujibu "I am not able", na chumvi iko mbele yake.

Wiki ya usaili vitambaa vilifika thelathini na saba. Yeye ametulia tuli, mimi ndiye ninayehangaika. Tangazo la kazi lilisema msimamizi ataandika orodha ya mashuka kwenye kompyuta, na wifi hajawahi kuigusa kompyuta hata kuifuta vumbi. Nikamshauri aseme anaweza, mengine atajifunza mbele ya safari. Akanikazia macho, sikurudia.

Lakini mimi na kiherehere changu! Asubuhi ya usaili, yeye akiwa bafuni, nilichukua kitambaa kimoja kitupu na wino wake nikaandika: I am able to use a computer very well. Yaani kompyuta anaiweza vizuri sana. Nikakibana katikati ya wenzake. Nilijua ataingia usaili na aproni kwa sababu ulikuwa katikati ya zamu. Akiulizwa, nikawaza, atavuta kitambaa atasoma, na akishasoma atashindwa kurudi nyuma. Nikaenda dukani najiona mjanja.

Jioni aliingia bila salamu. Akanifuata jikoni, akanibana kitambaa kifuani. I am able to forgive my sister-in-law. Not today. Yaani anaweza kunisamehe, ila sio leo. Hakikuwa na kosa hata moja la kusahihisha. Nikajua nimemharibia, machozi yakanitoka na mwiko mkononi.

"Usilie kwenye mboga," akasema, akavuta kiti.

Kumbe meneja alimuuliza kweli. Akapapasa aproni, akavuta kitambaa, akaona mwandiko wangu. Watu watatu mezani wanamsubiri, na jibu la kupita liko mkononi mwake. Akakiweka mezani. "This is my sister-in-law," akawaambia. "She is able to lie. I am not able to use a computer." Yaani huyu ni wifi yangu, kudanganya anaweza; mimi kompyuta siwezi.

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza akauliza vile vingine vinasemaje. Wifi akavibandua vyote thelathini na saba, akavisoma kimoja kimoja, na kwenye kukunja wakamletea shuka. Mwisho meneja akasema wasimamizi wote watatu waliopita walidai wanaweza kila kitu, lakini mambo yakiharibika walikuwa wanamkimbilia dobi.

"Sasa?" nikauliza. "Wifi, sasa?"

Akatoa ufunguo wa chumba cha kufulia, akauweka mezani. Kaka alipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nilimrukia wifi shingoni, na pini ya msamaha wake ikanichoma vizuri.

"Wanataka ndani ya miezi mitatu niwe naijua kompyuta," akasema. "Mwalimu nimeshawaandikia jina lake."

Basi kila Jumamosi mchana, akitoka zamu na aproni yake, tunashinda dukani. Anachapa kwa kidole kimoja, anaitukana mashine kwa sauti ya chini, na wateja wangu wanamwogopa. Juzi alichapa orodha nzima ya mashuka bila mimi kugusa kitu. Alipomaliza akafungua pochi, akatoa kile kitambaa changu cha uongo. Siku zote hizo alikuwa nacho! Akachukua kalamu, akakata maneno mawili ya mwisho, very well.

"Haya bado," akasema, akakibana ndani ya aproni pamoja na vile vya kweli.

Halafu, kalamu ingali mkononi, akaniambia nilete na kile changu, kile cha msamaha alichonibana kifuani.