Bakuli Lililorudi na Sabuni

Ripoti ile niliiandika mara tisa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu najijua: nikichelewa kulisema nitatafuta njia ya kulipamba. Ilikuwa ukurasa mmoja tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na aliyenituma kuiandika ni mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye ndiye aliyekuwa sheha wetu, kiongozi wa serikali ya mtaa, huku upande wa Wawi.

Ilihusu familia saba zilizokuwa zikikaa katika banda la karafuu la jirani yetu. Walikuwa watu wa bara, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge upande wa Tanga. Mashamba yalipofungwa walibaki na nyumba zisizo zao, kisha nazo wakaambiwa watoke. Wakavuka bahari kuja kisiwani kwetu kuchuma karafuu. Msimu ulipokwisha wachumaji wengine walirudi makwao, hawa wakabaki, maana hawakuwa na kwao tena. Mwenye banda aliwaruhusu wakae mpaka msimu mwengine, kwa sharti kwamba sheha asiwe na neno.

Mjomba hakuwa na neno juu yao. Neno lake lilikuwa juu ya watu wa misheni waliokuja kuwasaidia.

"Weye wajua kuandika," aliniambia. "Nenda kawasaidie wale. Tazama, sikiliza, kisha niandikie. Nataka kujua watoto wanafunzwa nini. Hilo tu."

"Wakiniuliza nani kanituma?"

"Kwani umetumwa? Umekwenda kusaidia."

Niliona fahari, sikatai. Shule niliacha darasa la sita ili nimuuguze bibi, na yaliyobaki nilijifunza kwenye karatasi za kufungia. Karatasi za maandazi, za sukari, za dagaa, zote nilizinyoosha kwa kiganja nikazisoma mpaka pembeni. Mama alikuwa akiwaambia jirani, "Huyu wangu anasoma hata mafuta." Kiswahili cha vitabuni nilikiokota hivyo, kipande kipande, na nikaona haya kuandika kama tunavyosema nyumbani. Herufi moja ikilala vibaya, nilichana ukurasa mzima nikaanza upya. Nilikuwa na hofu kwamba siku moja atatokea mtu aliyesoma kweli, atazame mwandiko wangu, acheke.

Watu wa misheni walikuwa wawili, wote wa bara, wote wa kujitolea. Mmoja kijana wa kiume aliyeshinda akichimba choo nyuma ya banda. Mwengine mama wa makamo, mnene, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Walileta unga, dawa ya macho, na sufuria kubwa ya uji. Mtaani watu hawakuacha kuuliza. "Mtu hatoki kwao akaja kuchimba choo cha watu asiowajua bila ya kutaka kitu," alisema mama yangu, na mimi nilimwamini.

Siku ya kwanza nilimwamkia yule mama wa misheni. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusaidia au kutuchunguza?"

"Kusaidia," nikasema.

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Vyote viwili ruhusa. Shika upawa."

Nilishika upawa, lakini cheko lile lilinikaa vibaya. Nilijiambia mtu asiye na la kuficha asingeuliza vile. Kila siku nikaandika kwenye daftari langu: uji umegawiwa saa nne, kabla ya uji watoto wamefumba macho, mama kasema maneno, watoto wameitikia. Nikipotewa na neno moja nilikosa raha mpaka nilikumbuke.

Mle bandani alikuwamo mwanamke mmoja Muislamu, mama wa watoto watatu. Mumewe alikwenda kutafuta kazi kwengine na hakuleta habari tena. Yeye ndiye niliyekuwa nikikaa naye sana, kwa kuwa hakuogopa kuniuliza.

"Unaandika nini?"

"Majina."

"Majina yetu hayaongezeki, dada. Mbona unaandika kila siku?"

Nilifunga daftari. Akanichukua nyuma ya banda akanionyesha matuta yake. Alikuwa amepanda muhogo, kwa ruhusa ya mwenye banda, na majani yalikuwa yameshafika magotini. "Huu ukikomaa nitakuwa na changu," alisema. "Nitapika mwenyewe, sitasimama kwenye foleni ya uji na bakuli mkononi. Naomba Mungu tusifukuzwe kabla."

Mama yangu, pamoja na maneno yake yote, siku moja alimpelekea mwanamke yule bakuli la ndizi za nazi. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Mtu hutia alichonacho, hata kama ni kiganja cha chumvi. Kesho yake bakuli lilirudi, na ndani yake mlikuwa na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi. Mama alipofungua aliona picha: mtu mwenye kanzu, watoto wamemzunguka, na chini yake sala ya watoto ya Kikristo.

"Haya! Si niliwaambia?" alisema. "Wameanza na watoto, sasa wanaingia majikoni mwetu."

Karatasi niliichukua mimi. Sabuni ilikaa dirishani siku nne, kisha mama akafulia. "Sabuni ni sabuni," alisema bila ya kunitazama.

Nilikwenda kumuuliza yule mwanamke. Alishangaa. "Ile karatasi? Mimi hata kusoma sijui. Sikuwa na cha kutia, nikamwambia mama wa misheni kwamba huku bakuli halirudi tupu. Akanipa sabuni, akachana karatasi iliyokuwa karibu, akaifunga ili bakuli lisinuke. Ni ya kufungia tu."

Ya kufungia tu. Mimi, ambaye elimu yangu yote ilitoka kwenye karatasi za kufungia, sikukubali. Kwangu hapakuwa na karatasi iliyofungia kitu bila ya kutaka isomwe.

Siku mbili baadaye, tukikoroga uji, mama wa misheni aliniambia: "Mwanangu, hawa watoto wa Kiislamu nimewatenga wakae mkeka ule, wasome Bismillahi yao na mama yao, wasifuate sala zetu. Lakini haitoshi. Wanahitaji mwalimu wa chuo cha Kurani, na mimi simjui mtu. Hebu mwombe sheha atupatie mmoja."

Nilitazama. Kweli watoto walikuwa mikeka miwili. Walikuwa mikeka miwili tangu siku ya kwanza, na mimi niliyejidai naona kila kitu niliandika "watoto" tu. Niliandika maneno yake chini kabisa ya ukurasa wa daftari.

Nilipokaa kuandika ripoti, maneno yale yalikuwemo katika nakala ya kwanza. Yalikuwemo katika ya pili pia. Katika ya tatu wino ulivuja pale pale, nikachana. Ukurasa ulikuwa na mistari ishirini na nne, na habari ya mwalimu wa chuo ilikuwa inaangukia kwenye mstari wa ishirini na tano, chini ya mstari wa mwisho, imebanana, inachukiza. Nikaiondoa. Nikajiambia nitamwambia mjomba kwa mdomo. Ukweli ni kwamba sikuiamini. Niliona ni ujanja wa mama mwenye miwani, kwamba ameshajua mimi ni nani na anataka niandike mema yake. Ilinipendeza kuamini kwamba hakuna awezaye kunidanganya.

Mjomba aliisoma ripoti barazani kwake, Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Kwanza aliinyanyua watu waone. "Tazameni mwandiko!" Ukapita mkono kwa mkono, na karatasi ya sabuni ikapita nyuma yake. Mzee mmoja akauliza, "Na hao watoto wa Kiislamu nao wanakunywa uji huo huo?"

Mjomba akanigeukia.

"Ndiyo," nikasema.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuendelea. Nilikuwa na pumzi na nilikuwa na maneno. Lakini mwandiko wangu ulikuwa bado mikononi mwa watu, na sikutaka mtu aulize kwa nini jambo kubwa kama lile halimo.

Watu wa misheni waliambiwa wafunge shughuli zao. Mwenye banda alisema hana ugomvi na mtu lakini hataki fitina shambani kwake. Wiki haikufika, gari likaja kuwachukua wote, wao na familia zile saba, kwenda bandarini Mkoani. Mama wa misheni alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ahsante kwa msaada wangu. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinisuta.

Yule mwanamke alikuwa wa mwisho kupanda. "Yale majina," alisema, "ulimpa nani?" Akatazama nyuma ya banda. "Muhogo bado miezi mitatu. Angalieni usiliwe na tumbili."

Mwezi mzima sikulala vizuri. Mwisho nilimpelekea mjomba nakala ya pili, ambayo sikuwa nimeichana, nikamwonyesha kwa kidole pale penye habari ya mwalimu wa chuo. Aliisoma taratibu, akavua kofia yake akaiweka gotini.

"Mbona hili hukuliandika?"

"Nafasi ilikwisha, mjomba."

Aliinuka akaileta ile ripoti safi, ya tisa. Akaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe wote.

"Na huku je?"

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe angempata mwalimu siku hiyo hiyo, jirani yake kabisa, na kwamba sasa hajui watu wale wamefikia wapi.

Muhogo ulikomaa. Mke wa mwenye banda aliung'oa, na kwetu akatuletea bakuli, umepikwa kwa nazi. Nilikula. Ulikuwa laini, wa kumong'onyoka, na nilikula mpaka mama akaniambia niwawekee wenzangu.

Asubuhi yake mama alinipa bakuli nilirudishe. Nyumbani hamkuwa na kitu cha kutia isipokuwa chumvi. Nikachota kiganja kimoja, nikatafuta karatasi, nikachukua nakala ya nane, iliyoandikwa vizuri kuliko zote isipokuwa ile ya tisa. Nikafunga.

Mke wa mwenye banda alifungua palepale jikoni, akamimina chumvi koponi, akaikunjakunja karatasi bila ya kuitazama, akaitia motoni chini ya chungu.