Kikomo Nilichokifungua

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane. Karibu wote niliowasimulia walicheka kwanza, halafu wakauliza ni gari gani, halafu wakanyamaza. Ninachokueleza nilikiona kwa macho yangu haya, tena si usiku wa manane, kulikuwa kunapambazuka, na sikuwa nimeonja chochote zaidi ya chai. Mimi si mtu wa kuona mapepo. Nimelelewa kanisani na kazi yangu ni namba: naseti kompyuta za injini hapa Mbugangari, Gisenyi. Ufundi huo niliufuata Mwanza nikiwa kijana, nikarudi nao pamoja na Kiswahili cha kule, ambacho watu wa hapa hunitania nacho hadi leo.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaona nilipokosea. Injini inataka hewa na mafuta kwa kipimo. Mafuta yakizidi, inakohoa na kutoa moshi mweusi. Yakipungua, inakosa nguvu, na yakipungua sana haiwaki kabisa. Kompyuta ndiyo mpishi. Ndani yake kuna jedwali la vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kinasema: injini ikizunguka hivi, mzigo ukiwa huu, mwaga mafuta kiasi hiki. Zamani tulijaza vyumba hivyo kimoja kimoja kwa mkono, mpaka macho yanauma. Siku hizi unafunga sensa, kifaa cha kupimia, kwenye bomba la moshi, inanusa hewa iliyobaki baada ya mafuta kuungua, na kompyuta inajisahihisha yenyewe papo hapo gari likiwa linatembea. Fundi kazi yake ni kuiwekea kikomo. Unaiambia: ongeza, punguza, ila usipite asilimia kumi na tano. Ikigonga kikomo ujue kuna jambo, simamisha gari utafute. Nimewafokea mafundi wenzangu kwa kuisahau sheria hiyo. Mimi huyu huyu.

Gari lilikuwa minibasi la shemeji yangu Inosenti, mume wa dada yangu Dativa. Mto ulipofurika kule Kanama maji yalimkuta amelipaki, yakapanda mpaka kwenye viti, kompyuta ikafa. Ya aina ile tuliitafuta tukachoka, tukafunga nyingine iliyotoka Kampala, ya kupangwa upya kuanzia mwanzo. Inosenti alikuwa mtu wa matani, mrefu, mvivu wa kunyoa ndevu, baba wa watoto watatu, na aliniita "muramu", yaani shemeji, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya soko. Nilimpenda. Sioni aibu kusema kwamba nilimpenda kuliko ndugu zangu wengine, ukimtoa Dativa mwenyewe.

Kazi hii inataka watu wawili, mmoja kwenye usukani, na huyo alikuwa Inosenti, na mwingine, mimi, na laptopu mapajani. Inataka pia barabara tupu. Kwa hiyo tulianza alfajiri, kabla madereva wenzake hawajaanza kugombania abiria, tukaenda kuipasha injini moto kwenye bonde dogo nyuma ya mahali wanapovunja mawe. Pale hakuna jirani wa kulalamikia kelele.

Wewe wa Gisenyi najua umeshashtuka. Unasema, pale penye mazuku? Basi kwa wasio wa huku: ardhi yetu ni ya volkano, na mabondeni, hasa alfajiri kabla ya jua na upepo, hutoka hewa mbaya isiyoonekana. Inalala chini kama maji. Mbuzi akishuka kutafuta majani habanduki tena, mbwa naye vivyo hivyo, na mtu pia. Hayo ndiyo mazuku. Nilijua, na Inosenti alijua. Lakini bonde lilikuwa dogo, sisi tulikuwa juu ya viti, na tulikuwa na haraka. Nani hajapita mahali anapopajua kuwa pabaya, eti kwa sababu jana alipita salama?

Injini ikapata moto, nikafungulia marekebisho. Namba zikacheza vizuri, mbili juu, tatu chini, sifuri. Ndipo mtu akagonga kioo upande wa Inosenti.

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la kijivu, kofia ameishika mkononi. Alikuwa ametokea chini kabisa ya bonde, ambako hakuna njia wala nyumba. Nililiona hilo nikalipuuza.

"Mwaramutse," akatusalimu. "Munaenda Kanama? Munibebe, njo kwetu."

Inosenti hakuwa na moyo wa kumnyima mtu nafasi katika gari tupu asubuhi ya baridi. "Panda, papa," akamwambia. "Leo tunapima tu voiture, iko nafasi mingi."

Akaketi nyuma ya dereva. Mlango wa pembeni wa minibasi lile ulikuwa mzito, ukiufunga mtaa mzima unaamka. Nimejaribu sana kukumbuka kama niliusikia, na sikumbuki.

Tukatoka bondeni, tukashika lami, na namba zikaanza kushuka. Punguza tano. Punguza tisa. Punguza kumi na mbili. Kompyuta ilikuwa inalia kwamba mafuta yamezidi, hewa haitoshi. Nikadhani nozeli ya mafuta inavuja, kisha nikadhani sensa ni mbovu. Hewa itakosekanaje? Tulikuwa barabarani, dirisha la Inosenti likiwa wazi nusu.

Yeye akaweka sigara mdomoni, akabonyeza kiberiti chake cha gesi. Cheche zikaruka, moto haukushika. Akabonyeza mara ya pili, ya tatu, ya nne. "Gaz imeisha," akasema, akakitupa juu ya dashibodi. Kila mtu anayeishi juu ya mawe haya anajua la kufanya moto usiposhika. Unaondoka, unapanda juu, huulizi. Hata mtoto wa chekechea anafundishwa hivyo. Mimi nilikuwa nimeinamia laptopu.

"Iyi kompyuta inafanya nini?" abiria akauliza.

"Inajisahihisha," nikamjibu bila kugeuka. "Hewa ikipungua, nayo inapunguza mafuta."

"Donc hewa ikikuwa kidogo, ye anakula kidogo."

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Mutu ye hawezi ivyo," akasema.

Niamini, hayo ndiyo maneno aliyoyasema, na hakuyasema kwa kutisha. Aliyasema kwa huzuni, kama mgonjwa anayeueleza ugonjwa wake.

Mlima ukaanza. Namba ikafika kumi na tano, ikagonga kikomo, na kijisanduku kwenye kioo cha laptopu kikageuka chekundu. Gari likaanza kukohoa na moshi mweusi ukatufuata nyuma. "Muramu," Inosenti akasema, "kichwa iko inaniluma. Na hii usingizi sijui inatoka wapi." Nikamtania kwamba usingizi unatoka kwenye mpira aliokesha akiutazama. Akacheka kidogo tu, yeye ambaye kicheko chake kilikuwa hakiishi.

Sheria yangu mwenyewe ilikuwa inasema simamisha gari. Mbona sikusimamisha? Kiburi, hakuna jina jingine. Nilikuwa nimemwahidi Dativa kwamba gari litarudi barabarani siku hiyo, na nilishaona aibu ya kurudi na minibasi linalokohoa, mafundi wenzangu wakinitazama. Nikaingia kwenye mpangilio nikafungua kikomo, kutoka kumi na tano mpaka arobaini. Ni kubonyeza tu. Kompyuta ikajipunguzia mafuta, ishirini, ishirini na nane, thelathini na tatu, ikatulia. Kukohoa kukaisha. Nguvu zilikuwa chache, lakini sauti ya injini ilikuwa safi kama ya gari jipya.

"Umeona?" nikasema. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Inosenti hakunijibu. Nikainua kichwa. Baridi ilikuwa kali, na kioo cha mbele upande wangu kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi yangu. Upande wake kilikuwa kikavu, hakina hata tone. Nikatazama kioo cha katikati, cha kuonea nyuma. Abiria alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi nyuma ya sikio la shemeji yangu, anavuta pumzi. Mimi na wewe tukivuta pumzi tunaishusha. Yeye alikuwa anavuta tu. Kifua kilikuwa kinapanda na kupanda, na hakikurudi hata mara moja.

Kichwa cha Inosenti kikaangukia kifuani. Minibasi likaanza kwenda lenyewe kwenye ukingo, ambako chini yake ni mashamba ya viazi, mbali sana. Nikaushika usukani kwa mkono mmoja, wa pili nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, tukagonga ukuta wa udongo upande wa mlima na injini ikazima. Laptopu iliruka ikapasuka kioo. Nilipogeuka, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu na mlango umefungwa vilevile.

Sikuwa na muda wa kuogopa. Nikamvuta Inosenti nikamweka kwenye kiti changu, nikakaa kwenye usukani kumkimbiza hospitali. Nikapiga stata. Injini ikazunguka, haikuwaka. Nikapiga tena, na tena, huku nimemshika mkono uliokuwa unaanza kupoa. Umeshaelewa? Yule mtu alikuwa ameondoka na hewa ilikuwa imerudi, hewa nzuri ya asubuhi, na mimi nilikuwa nimeiruhusu kompyuta kujipunguzia theluthi ya mafuta. Kwa hewa ile nzuri lisingewaka. Na laptopu ya kurudisha nilichokifungua ilikuwa imepasuka chini ya miguu yangu.

Akapita kijana wa pikipiki, anatelemka kutafuta wateja wa asubuhi. Tulimweka Inosenti katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, kidevu chake begani mwa yule dereva. Mpaka mjini hakuvuta pumzi hata moja. Nilijua, maana kifua chake kilikuwa mikononi mwangu. Lakini sikumwambia kijana apunguze mwendo.

Daktari alimtazama midomo na kucha, akaniuliza tulikuwa tumelala bonde gani. Nikamwambia hatukulala, tulikuwa mlimani, gari linatembea, dirisha wazi. Akaandika kitu.

Mwanamke anayewauzia chai wavunja mawe ndiye aliyenieleza mengine, wiki kadhaa baadaye. Kuna dereva wa Kanama aliyepaki bondeni zamani ili apumzike kidogo kabla hakujakucha. Walimkuta asubuhi amekaa kwenye usukani, kofia mkononi. "Anaomba tu bamurudishe kwabo," akaniambia, huku anaosha vikombe. "Batu bengi bashamubeba. Ajafika ata siku moya." Nikamuuliza mbona hakuna anayesema. Akaniuliza mimi nimemwambia nani.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Dada yangu nilimwambia ni moyo, moyo ulisimama, mapenzi ya Mungu. Nikashika jeneza, nikapokea wageni, nikala chakula cha msiba. Lakini kompyuta ya gari inaweka kumbukumbu ya kila sekunde, na Dativa ni mke wa dereva, alilijua hilo. Matanga yalipokwisha alikuja gereji peke yake, akaketi kwenye kigoda changu.

"Nionyeshe," akasema.

Ningeweza kumwambia imefutika. Nilishapata laptopu nyingine, na faili nilishaiangalia usiku mwingi kuliko ninavyotaka kukueleza. Nikaifungua. Dativa hajui injini, ila mstari unaoshuka kila mtu anaweza kuusoma. Alifuata kwa kidole, pole pole, mpaka pale mstari ulipogonga chini na kulala.

"Apa, ilikuwa inakuambia simama?"

"Ndiyo."

Kidole kikasogea kidogo, mpaka mstari ulipoanza kushuka tena. "Na apa, ni nani alifungua?"

"Ni mimi."

"Tangu apa mpaka aanguke, ni dakika ngapi?"

"Sita."

Nikamweleza juu ya abiria, yote, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema ni uongo. Alisema, "Ule alikuwa nyuma yake. We ulikuwa pembeni." Akasimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka kwa miguu.

Miaka imepita. Kanisani ananipa mkono, ananiuliza watoto wangu hawajambo. Mvua ikinyesha nikasimamisha gari nimpakie, ananishukuru na kuendelea kutembea. Minibasi liliuzwa bila kompyuta, mimi mwenyewe niliing'oa. Kazi sijaiacha, sijui nyingine, lakini kila gari ninaloliseti nasimama kila baada ya muda, nageuka, namtazama dereva mpaka nihakikishe kifua kinapanda na kushuka. Wateja wananiona mwendawazimu. Waniite watakavyo.

Nawe nakuonya. Mashine ikikwambia hewa haitoshi, usibishane nayo. Simama, mtazame uliye naye. Na ukipita bonde lile kabla ya jua, mtu akagonga kioo akataka kwenda Kanama, usikishushe. Najua huku kwetu ni vibaya kumwacha mtu kwenye baridi, tena mtu mwenye adabu, ameshika kofia mkononi. Mwache. Akikulaani, heri uishi na laana yake kuliko kuishi na zile dakika sita.