Simu ya Marehemu

Enzi za Mwingereza niliajiriwa mwaka mmoja katika chumba kimoja nyuma ya posta ya Arusha. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kufagia, na kuwatafsiria Wameru wenzangu. Mkubwa wa posta alikuwa amekusanya humo vitu vilivyochakaa ili watu waone habari zilivyokuwa zikisafiri: mifuko ya barua iliyobebwa kwa miguu, mtambo wa kupigia simu za maandishi tangu wakati wa Mjerumani, na simu za ukutani zenye mkono wa kuzungusha. Siku ya kufungua mvua ilinyesha, akaja mbuzi tu kujikinga.

Mwenye chumba, yaani mwenye maneno, alikuwa fundi simu mstaafu, mzee wa Kaloleni mwenye asili ya Tanga. Jamani, yule mzee! Hakuna kitu ambacho hakukifanyia mzaha. Simu iliyoharibika aliiita marehemu. "Huyu marehemu," aliwaambia wanafunzi huku akiipigapiga simu ya mbao karibu na dirisha, "alikuwa akiongea na Moshi mpaka koo linamkauka." Watoto walivunjika mbavu. Mimi nilinuna, maana msiba wa baba yangu ulikuwa bado mbichi na neno lile lilinichoma. Lakini ningemwambia nini mtu mzima? Nilimpa shikamoo yake asubuhi, nikashika ufagio wangu.

Siku za soko chumba kilijaa. Akina mama waliokwisha kuuza ndizi walipitia kuangalia, na wakirudi mlimani walisimulia. Habari ikapanda mpaka kwa mama yangu: posta kuna simu ya marehemu. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kupatana bei, kikifika hapo kimeisha. Akaelewa alivyoelewa.

Basi siku moja nikamwona mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani. "Mwambie fundi aniunganishe na baba yako."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu kule Nduruma yeye na mama wakiwa wamenuniana, kisa mkungu wa ndizi ambao mama aliukata baada ya kukatazwa. Homa ikamchukua hukohuko, akazikwa mama hajafika. Tangu hapo mama alikuwa anaonja chakula tu, hali. Nikamtafsiria fundi huku nimekunja uso, nikiapa moyoni kwamba akithubutu kucheka namvunjia heshima papo hapo, na kazi iishe.

Hakucheka. Alivua kofia, akaufuta mkonga wa simu kwa kanzu yake. "Mwambie mama simu hii ni mbovu," akasema taratibu. "Hatapata jibu. Lakini aseme." Nikatafsiri yote, hata huo ubovu. Mama akaitikia kwa kichwa. Fundi akazungusha mkono wa simu, akampa mkonga.

Mama aliushika kwa mikono miwili, akasema kwa Kimeru: "Baba watoto, ulinikataza, mimi nikakata. Zilikuwa hasira tu, wala ndizi zenyewe sikuwa na shida nazo. Nisamehe. Mgomba ule umetoa chipukizi. Mtoto wetu mdogo sasa anatembea, na anatembea kama wewe, miguu imetazama nje."

Akaubana mkonga sikioni, akisikiliza. Mimi nililia bila hata kujificha. Mwishowe akamgeukia fundi na kumuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Imefika?"

Fundi hakujua hata neno moja la Kimeru. "Imefika, mama," akasema. "Imefika mpaka kwangu."

Jioni ile mama alikula, akaongeza. Na kutoka siku ile sikusikia tena neno marehemu mle chumbani. Ile ya mbao mzee aliiita simu ya mama. Nimemshukuru mzee yule maisha yangu yote, kwa sababu alikuwa na mzaha wa kumwaga na siku hiyo akaumeza.

Mwaka ulipoisha vile vitu vilitiwa kwenye masanduku vipelekwe Dar es Salaam. Mama aliteremka kuaga, kichwani ana mkungu wa lile chipukizi. Akautua miguuni pa fundi.

"Chukua," akamwambia. "Huu nimeruhusiwa."