Puri Kavu ya Barasa

Jumamosi moja ya mwaka 2017 haijanitoka akilini, mwana wa dada yangu, na wewe unayejiandaa kuolewa heri uisikie kwangu.

Nilikuwa mchumba wa Barasa, kijana wa Bungoma aliyefanya kazi benki hapa Johannesburg. Mimi wa Mombasa, fundi cherehani Doornfontein. Kila Jumamosi nilimpikia vya kwetu, pilipili tele, naye alikula gilasi ya maziwa ikiwa kando ya sahani. Nikawa nasema moyoni, watu wa bara na maziwa yao! Halafu nikasikia kwamba kabla ya kuja kwangu hupitia Fordsburg, kwa mwanamke wa Kihindi anayeuza pani puri. Nikamfuata.

Kama hujawahi kuila, puri ni kiandazi kikavu kilichovimba, ndani kitupu. Muuzaji hukitoboa kwa kidole gumba, akakijaza viazi, akakichovya kwenye maji ya mnanaa, ukwaju na pilipili, akakupa mkononi. Unakitia kinywani chote papo hapo, kabla hakijalowa. Wateja husimama wakimzunguka, naye huwapa kwa zamu, kimoja kimoja. Mtu wa Delhi hukiita golgapa na hutaka mnanaa mwingi. Wa Kolkata hukiita puchka, kwake ni viazi vya kupondwa na ukwaju mkali. Wa Mumbai hutaka njegere kavu za moto. Yule mwanamke, Deepa, alimpa kila mmoja ya kwao.

Wivu ulinipanda. Kwetu anayemlisha mwanamume mbele za watu ni bibi harusi. Na huyu alimpa Barasa wangu puri moja baada ya nyingine, akichovya kwenye maji yasiyo na pilipili, bila kumuuliza neno. Mwishowe akamwongezea moja kavu, wala hakudai hata senti. Tena akatabasamu! Nikavua pete ya uchumba, nikawa namtukana chini chini kwa Kiswahili: sura yake, bangili zake, na mama yake.

"Mama yake yuko Mumbai, hakusikii," sauti ikanijibu kwa Kiswahili cha kwetu. "Mimi mama mkwe wake nakusikia."

Alikuwa bibi mzee wa Kihindi, anakaanga puri nyuma ya meza. Jina lake Bi Kanta, mzaliwa wa Makadara, Mombasa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Pete hiyo wampelekea nani?"

"Mwenyewe. Mkweo anamlisha mchumba wangu, tena anampa za bure."

"Mtazame yule." Deepa alikuwa akimpa puri kavu mzee mwenye ndevu mpaka kifuani. "Naye ni mchumba wake? Ya mwisho ni ya bure kwa kila mtu. Ndiyo desturi yetu."

Sikukubali kushindwa. "Na pilipili je? Alijuaje kuwa hataki?"

"Alimuuliza siku ya kwanza. Wewe ushawahi kumuuliza?"

Barasa alikwishatuona na kutusogelea. Nikamuuliza pale pale. Akainamia viatu vyake.

"Eish, mpenzi, pilipili siiwezi kabisa. Niliogopa utaudhika."

Nikaikumbuka ile gilasi ya maziwa. Pete nikairudisha kidoleni.

Usidhani wivu uliisha, mwanangu. Barasa ni mume wangu, nami Deepa sijampenda mpaka leo. Alikijua kinywa cha mume wangu kabla yangu, na hilo linaniuma kila tukipita Fordsburg.

Basi nisikilize. Wivu ukikupanda, usikimbilie kumrukia mtu. Tazama kwanza huyo unayemwonea wivu anajua nini ambacho wewe hukijui, kisha kamuulize wako mwenyewe. Akikujibu, usimnunie, maana ukinuna mara moja hatakwambia tena.

Mungu akujalie meza ambayo mtu anaweza kusema chakula kinamuunguza, na kesho akarudi kula.